Ekari Ngapi Zatosha Kulisha Kaya? Hesabu ya Shamba la Nachingwea na Ruangwa

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari wilayani Ruangwa. Nyuma ya madarasa walikuwa na bustani yao, upana mita 10 na urefu mita 10, iliyolimwa vizuri. Mwanafunzi mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, bustani kama ile tukiipanda mahindi, itailisha familia kwa muda gani?" Nikawaomba wenzake wakisie kwanza. Baadhi walisema mwaka mzima, wengine miezi mitatu. Msichana mmoja aliyeonekana mwangalifu kuliko wote alisema mwezi mmoja.

Tulifanya hesabu ubaoni. Jibu likawa: haifiki siku tatu.

Darasa zima liliguna. Baada ya mguno huo ndipo swali lenyewe lilipoanza kupata maana, na makala haya yanakusudia kulijibu kwa ukamilifu zaidi kuliko nilivyoweza siku ile kabla ya kengele kulia. Je, kaya moja ya watu sita katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, yahitaji eneo kiasi gani ili ile chakula chake yenyewe mwaka mzima?

Mwili Unadai Nini

Mwili wa binadamu ni kama jiko lisilozimika. Hata tulalapo, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, na joto la mwili linatunzwa. Kazi zote hizo zahitaji nishati, nayo nishati ya chakula hupimwa kwa kilokalori. Mkulima mwanamume alimaye kwa jembe aweza kuhitaji zaidi ya kilokalori 3,000 kwa siku. Mtoto mdogo anatosheka na nusu ya kiasi hicho au pungufu. Tukichanganya wakubwa kwa wadogo, wastani unaotumiwa sana katika kupanga chakula cha watu wengi ni kilokalori 2,100 kwa kila mtu kwa siku.

Tuchukue, basi, kaya ya baba, mama, bibi na watoto watatu. Kwa siku moja wahitaji 2,100 mara 6, yaani kilokalori 12,600. Kwa siku 365 ni kilokalori 4,599,000. Tuseme 4,600,000. Hilo ndilo deni ambalo shamba lapaswa kulilipa kila mwaka.

Sasa tuitazame mali ya kulipia deni hilo. Kilo moja ya nafaka kavu, iwe mahindi au mtama, ina takribani kilokalori 3,400. Mbaazi na kunde kavu zina kiasi kama hicho hicho, lakini zina protini nyingi zaidi. Karanga zilizobanguliwa, kwa sababu ya mafuta yake, zina takribani 5,700. Muhogo mbichi uliomenywa una takribani 1,500, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji.

Turudi kwenye bustani ya shule. Ekari moja ni meta za mraba 4,047. Tukichukulia kwamba ekari ya mkulima wa jembe la mkono, asiyetia mbolea, inatoa magunia manne ya kilo 100, basi meta za mraba 100 zitatoa takribani kilo 10. Kilo 10 zina kilokalori 34,000. Gawanya kwa 12,600, nawe utapata siku mbili na saa kadhaa. Hata mwalimu wa kilimo akiongeza mavuno mara nne kwa mbolea na mbegu bora, kaya hiyo itakula siku 11 tu.

Hii si sababu ya kuidharau bustani. Ni sababu ya kutofautisha kazi mbili: shamba hushibisha, bustani hutia afya. Anayeipa bustani kazi ya shamba atalala njaa.

Ekari ya Hatua Sabini

Kabla ya kuendelea, tukague kipimo chetu. Wakulima wengi nchini hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hiki si cha kubahatisha. Ikiwa kila hatua ni yadi moja, yaani sentimeta 91, hatua 70 ni karibu meta 64, na eneo lake linapita ekari halisi kidogo tu. Lakini hatua ya sentimeta 91 ni ndefu. Ni ya mtu mzima anayejinyoosha. Kijana mwenye hatua ya sentimeta 75 akipima hatua 70 kwa 70 atapata meta za mraba 2,756 tu, ambazo ni theluthi mbili ya ekari. Kisha atashangaa kwamba "ekari" yake haitoi magunia kama ya jirani. Tatizo halikuwa udongo, lilikuwa miguu.

Kosa Langu Mwenyewe

Nilipokuwa nimerejea nyumbani baada ya kumaliza shahada ya uzamivu ng'ambo, nilimfanyia mama yangu hesabu kwenye daftari. Nilimwonyesha kwamba ekari moja na robo yatosha kabisa kumlisha yeye na wote waliokuwa wakimtegemea, na kwamba ekari nne alizokuwa akihangaika nazo zilikuwa kujichosha bure. Takwimu zangu nilizitoa katika vitabu, navyo vilikuwa vimezitoa katika mashamba ya majaribio, ambako mbolea haikosekani, palizi haichelewi na mlinzi analipwa mshahara.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Hayo mahindi yako ya kwenye karatasi, mwanangu, ngedere hawayali?"

Sikuwa na jibu. Katika hesabu yangu hapakuwa na ngedere, wala nguruwe pori, wala tembo ambao katika vijiji vingine vya ukanda huu hulimaliza shamba usiku mmoja. Hapakuwa na mbegu ya kuweka kwa msimu ujao. Hapakuwa na dumuzi, mdudu mgeni aliyeingia nchini kupitia mkoa wa Tabora na kuanza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima walimpa jina la Scania kwa nguvu zake. Mdudu huyo hutoboa mahindi na makopa ya muhogo hadi vikawa unga ndani ya ghala. Nilikuwa nimehesabu kilichoota. Mama alihesabu kilichofika chunguni.

Waliokosea Kabla Yetu

Yafaa wasomaji wajue kwamba kosa la aina hii lilikwisha kufanywa huko huko Nachingwea, kwa kiwango kikubwa mno. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo la awali lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kwa ajili ya mradi huo zilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea.

Mpango ulikuwa rahisi kwenye karatasi: idadi ya ekari mara mavuno yanayotarajiwa. Lakini matrekta yalivunjika kwenye visiki na mizizi. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama sakafu. Mvua haikufuata kalenda ya ofisi. Mwezi Januari 1951 mradi uliachwa, baada ya kupoteza takribani paundi milioni 36. Reli nayo haikudumu: ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Zao lenyewe halikuwa na kosa. Karanga zilikuwa zikilimwa na wenyeji kabla ya mradi, na zinalimwa hadi leo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimetoa aina bora za karanga, na mojawapo inaitwa Nachingwea 2009. Kilichokosewa ni kuzidisha eneo kwa mavuno ambayo hakuna aliyeyapima mahali pale.

Hesabu ya Pili

Sasa tuifanye hesabu upya, safari hii pamoja na ngedere. Nachingwea na Ruangwa zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Mwaka wa kawaida hupata takribani milimita 800 hadi 900, na mara nyingi hukatizwa na jua kali la wiki kadhaa kati ya Januari na Februari. Kwa kuwa mvua ni ya mkupuo mmoja, chakula cha miezi 12 lazima kizalishwe katika miezi mitano hivi.

Hakuna kaya inayokula nafaka pekee. Tugawe lile deni la kilokalori 4,600,000 kama ifuatavyo: nafaka asilimia 45, muhogo 25, mbaazi na kunde 15, karanga na ufuta 12, mboga na matunda 3. Mavuno tutakayoyatumia ni ya makadirio ya chini, na msomaji aweza kuweka badala yake yale aliyoyapima shambani kwao.

Nafaka. Asilimia 45 ni kilokalori 2,070,000, yaani kilo 609 za kuliwa. Tukikadiria kwamba katika kila kilo 5 moja hupotea kwa wadudu, wanyama, mbegu na makapi, lazima tuvune kilo 761. Kwa magunia manne kwa ekari, ni ekari 1.9.

Muhogo. Kilokalori 1,150,000 ni kilo 767 zilizomenywa. Maganda huchukua takribani robo ya uzito, hivyo tung'oe kilo 1,020. Ekari ikitoa kilo 2,500, yatosha ekari 0.4. Lakini muhogo hukaa ardhini mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa hiyo tuutengee ekari 0.6 ili kila mwaka pawe na sehemu iliyokomaa.

Mbaazi na kunde. Kilokalori 690,000 ni kilo 203. Pamoja na hasara na mbegu ni kilo 225. Kwa kilo 250 kwa ekari, ni ekari 0.9.

Karanga na ufuta. Kilokalori 552,000 ni kilo 97 zilizobanguliwa. Ongeza mbegu, kwa maana karanga hudai mbegu nyingi, nasi twafikia kilo 111. Kwa kilo 250 kwa ekari, ni karibu ekari 0.45.

Jumla, ukiweka na kipande kidogo cha mboga, inakaribia ekari 3.9. Mama yangu alikuwa akilima ekari nne.

Ekari Moja Inayozaa Mara Moja na Nusu

Hata hivyo mkulima wa kusini hatengi shamba la mtama na shamba la mbaazi. Huvipanda pamoja, na sayansi inaunga mkono desturi hiyo. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, wakati mtama unapokimbilia jua. Mtama ukishavunwa, mbaazi hubaki peke yake, na kwa mizizi yake mirefu hunyonya unyevu uliosalia chini, ikatoa maua na vitumba hata mvua ikiwa imekwisha. Aidha, bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani na kuirutubisha ardhi.

Tuseme kwamba katika mchanganyiko huo mtama unatoa asilimia 80 ya mavuno ambayo ungetoa peke yake, na mbaazi asilimia 70. Jumlisha: 0.8 na 0.7 ni 1.5. Maana yake, ekari moja iliyochanganywa inafanya kazi ya ekari moja na nusu zilizotengwa.

Ili kupata kilo 761 za nafaka kwa njia hii zahitajika ekari 2.4 badala ya 1.9. Lakini ekari hizo hizo zinatoa kilo 420 za mbaazi, nasi tulihitaji 225 tu. Tumeokoa karibu nusu ekari na kubakiwa na kilo 195 za kuuza. Jumla ya shamba zima sasa ni ekari tatu na nusu.

Mwaka mbaya je? Mavuno yakipungua kwa robo, ekari tatu na nusu hazitoshi tena. Zingehitajika karibu 4.7. Ndiyo maana wazee huacha muhogo ardhini kama akiba. Tahadhari ni kwamba ghala hilo la ardhini nalo lina mwizi wake: ugonjwa wa michirizi ya kahawia hukausha na kuozesha mizizi ndani, huku majani yakionekana salama kwa jicho la haraka. Akiba hiyo ikishindikana, watu huingia porini kuchimba ming'oko.

Mpaka Usioonekana

Msomaji wa Nachingwea aweza kusema: "Sisi ardhi tunayo. Kwa nini tusilime ekari kumi?" Jibu liko kwenye mikono, si kwenye ramani.

Tuseme palizi ya ekari moja kwa jembe la mkono inamchukua mtu mmoja siku 12. Palizi ya kwanza yapaswa kumalizika ndani ya wiki tatu hivi tangu magugu yaanze kushindana na mche mchanga. Ikichelewa, mavuno hupungua, hata kama utapalilia vizuri baadaye. Ekari tatu na nusu mara siku 12 ni siku 42 za kazi. Kwa watu wazima wawili wenye nguvu, ni siku 21. Hizo ndizo wiki tatu, bila siku ya ziada hata moja.

Ekari tano zingehitaji siku 30, na ekari za mwisho zingekwisha kuliwa na magugu. Na sasa tukumbuke kwamba wiki hizo ni za mvua, na mvua huleta mbu. Mama akiugua malaria siku saba, na baba akatumia tatu kati ya hizo kumpeleka zahanati, kaya imepoteza siku 10 kati ya 42. Njaa ya Januari na Februari mwaka unaofuata huenda ikawa ilianza na homa ya Januari hii.

Kuna na mpaka wa pili: mikorosho. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya meta 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti 28. Miaka ya kwanza waweza kupanda karanga au kunde katikati, lakini matawi yakishakutana, chini yake ni kivuli. Ekari ya mikorosho iliyokomaa ni ekari ya fedha. Usiihesabu kama ekari ya chakula. Hakuna ubaya kuuza korosho au ufuta na kununua unga, ilimradi fedha ya Novemba ihesabiwe hadi Machi. Bei ya gunia la mahindi mwezi wa mavuno si bei yake mwezi wa njaa, na anayeuza chakula Juni ili akinunue tena Februari aghalabu hununua magunia machache kuliko aliyouza.

Bustani na Ndoo

Tumalizie na bustani tuliyoanza nayo. Tukitaka kila mtu ale gramu 200 za mboga kwa siku, kaya ya watu sita yahitaji kilo 438 kwa mwaka. Bustani ya mchicha ikitoa kilo 1 kwa kila meta ya mraba kwa mkupuo, na mikupuo ikawa mitatu, zatosha meta za mraba 150 hivi. Eneo ni dogo kuliko uwanja wa nyumba nyingi. Lakini kiangazi meta moja ya mraba hudai takribani lita 5 za maji kwa siku. Meta 150 zadai lita 750, ambazo ni ndoo 38 za lita 20. Nani atazibeba? Katika nyumba nyingi ni msichana yule yule tunayemtaka awahi shuleni.

Kwa hiyo ni busara bustani ya kiangazi iwe ndogo, meta za mraba 30, ambayo yatosheka na ndoo nane. Nayo inywe maji yaliyooshea vyombo na mboga. Pengo lizibwe na mboga zisizodai ndoo: kisamvu, kilichopondwa na kuchemshwa vya kutosha ili sumu yake itoke, na majani ya kunde yaliyokaushwa wakati wa masika.

Kazi kwa Wanafunzi

Walimu wa Hisabati, Jiografia na Baiolojia waweza kulitumia somo hili kwa pamoja. Kwanza, kila mwanafunzi apime urefu wa hatua yake kwa futikamba na kukokotoa ukubwa wa ekari yake ya hatua 70. Pili, apime mavuno ya meta za mraba 25 katika shamba la nyumbani, akauke nafaka hadi ilie chini ya jino, kisha akadirie mavuno ya ekari. Tatu, apime debe moja la nafaka wakati wa kuhifadhi na alipime tena baada ya miezi sita. Nne, aandike ni watu wangapi nyumbani kwao wanaoweza kupalilia, si wanaokula.

Takwimu hizo zikikusanywa na darasa moja kwa miaka mitatu, shule itakuwa na kitu ambacho waliochora mradi wa mwaka 1947 hawakuwa nacho: mavuno yaliyopimwa mahali penyewe. Na mwanafunzi atakayezipeleka nyumbani, ningemwomba kwanza amsikilize mama yake kabla ya kufungua daftari.